Jirani na Sakafu ya Mianzi

Nikisimulia habari za Jirani huwa najikuta nasema "alikuwa". Alikuwa anapenda hivi, alikuwa hataki vile. Mama hunikatiza: "Alikuwa amekwenda wapi? Si yule pale anafunga mbuzi?" Ni kweli, yupo. Anaishi ng'ambo ya ua wa mama yangu, Kwamndolwa, na ukisimama dirishani asubuhi utamwona anapita na ndoo. Lakini ninayetaka kumweleza ni yule wa kabla ya mimi kumjengea mama nyumba na kuitandika sakafu ya mianzi. Huyo simwoni tena, na sidhani kama kuna mwingine wa kuulizwa ila mimi.

Jina analo, tena zuri, la Kiislamu, lakini halina kazi. Wazazi wangu walipohamia Korogwe kutoka Handeni walimwita Jirani, na mtaa ukafuata. Siku hizi hata watu wa upande wa pili wa bonde, wasiopakana naye kwa lolote, wanamwita Jirani. Yeye mwenyewe akijitambulisha kwa mgeni husema, "Mimi ndiye Jirani," kama mtu anayetaja cheo.

Hakupenda kusalimiwa haraka. Shikamoo aliipokea, kisha akaanza: umelalaje, wa nyumbani wamelalaje, huko ulikotoka mvua imenyesha, gari lilikwendaje. Ukimjibu "salama" upesi alirudia swali lilelile, kana kwamba hukulisikia. Mimi nilikuwa nashuka Segera, napanda pikipiki au basi dogo hadi Korogwe, nafika nimechoka na nina vumbi hadi kwenye kope, na yeye amesimama kwenye kijia anataka habari za gari.

"Gari limekuja, mzee. Si unaniona?"

"Nakuona wewe. Gari silioni."

Aliniita Hakimu. Lilianza nilipokuwa shuleni, nilipomuuliza kwa nini mbuzi wake mweusi tu ndiye aliyefungwa uzi shingoni, ilhali yeye Jirani kila siku alikuwa akiwasema waganga. Alinitazama, akamtazama mbuzi, akasema, "Huyu mtoto atakuwa hakimu. Anatafuta kesi kwenye zizi." Nilipokwenda chuo kikuu jina likaota mizizi. Kila nilipokuja likizo aliniuliza, "Hakimu, kesi ya leo inamhusu nani?" Nikimwambia sina kesi, alisema, "Basi unaumwa."

Na kesi zilikuwepo, maana mtu yule alikuwa amejaa mambo yasiyolingana. Alikuwa mkali wa kuwahi swala, lakini mpira ukiwa redioni alisali haraka hadi sheikh akamtania msikitini. Aliwaogopa vinyonga kiasi cha kuzunguka njia. Wazee wenzake wakigombana alikuwa msuluhishi mpole, ila yeye akikasirika aliacha Kiswahili njiani akahamia Kizigua, na hapo hata mkewe aliingia ndani. Na kubwa kuliko yote: mtu huyu aliyeshuka ndani ya kaburi mara nyingi kuliko yeyote mtaani kwetu hakuwa tayari kupita karibu na makaburi peke yake baada ya magharibi. Alingoja apatikane wa kwenda njia moja naye. "Mchana nawahudumia," alisema. "Usiku ni zamu yao wenyewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kazi ambayo hakuna aliyempa wala aliyemlipa. Akifa mtu, wanaume wengine walitafuta majembe. Yeye alichukua panga na kushuka kijitoni, penye kichaka cha mianzi alichokitunza mwenyewe. Alikata aliyoiona imekomaa, akaipasua kwa urefu, akalainisha kingo zake kwa kipande cha chupa. Maiti wetu hulazwa ubavu, ndani ya mwanandani, ule mfuo unaochongwa pembeni mwa kaburi, kisha hufunikwa kwa viunza ili udongo usimguse. Kwingine viunza ni mbao. Kwetu ni mianzi ya Jirani. Alishuka mwenyewe shimoni, akapokea kipande kimojakimoja, akakiegemeza, akakitazama, akakisogeza kidogo. Vijana wa juu walichoka kumngoja. Mmoja akinung'unika, sauti ilitoka chini: "Maiti hana haraka. Wenye haraka ni wenye viatu."

Alikuwa na msemo mwingine aliourudia zaidi: "Mgeni wa kaburi hachagui chumba. Basi tumchagulie sisi."

Baba alipofariki mimi nilikuwa kwenye mitihani. Nilifika watu wameshasimama kwenye mstari kupeana majembe. Jirani alikuwa anatoka kaburini, ameshikwa mikono na watu wawili, udongo umemjaa kwenye nyusi. Aliniona, akaja moja kwa moja, hakuniuliza habari za gari. Alisema, "Baba yako amelala vizuri." Mimi ambaye humuuliza kila mtu amejuaje, siku ile sikuuliza. Nilimwamini kama mtu anavyoamini kiti anachokalia. Mama naye, alipofikishiwa neno lile ndani kwa wanawake, alinyamaza kulia. Mpaka leo husema ndilo neno lililomlaza usingizi usiku ule.

Kwa hiyo mtu asidhani sikumjua Jirani, au sikujua mianzi ni nini kwake. Nilijua. Alikuwa na mwiko wake mmoja, kwamba mianzi haiingii nyumbani kwa mtu. Si fito za dari, si kitanda, si uzio wa ndani. Mimi nilikuwa nimeshaufungulia kesi mwiko huo zamani.

"Mzee, ngazi yako ya kuchumia machungwa ni ya nini?"

"Mianzi."

"Na inalala wapi?"

"Nje. Tena ngazi unaipanda, huikai."

"Ungo wa mkeo ule, ukingo wake ni wa nini?"

Hapo alikuna kidevu. "Ungo unapepeta," alisema. Mkewe akacheka jikoni hadi akapaliwa.

Sasa nyumba. Nilipopata kazi Tanga, jambo la kwanza nililotaka ni kumtoa mama kwenye nyumba ya zamani. Sakafu yake ya saruji ilikuwa imepasuka, na masika unyevu ulipanda ukalowesha hata mikeka. Magoti ya mama yalivimba. Asubuhi alishika ukuta hadi mlangoni. Nyumba mpya niliijenga kwenye kiwanja kilekile, hatua chache kutoka ya zamani. Ilipofika kuchagua sakafu, kila mtu alisema vigae, na ukweli vigae ndivyo wanavyoweka wote. Lakini mama alikuwa ameteleza kwenye vigae vya mdogo wake kule Handeni, siku ya shughuli, mbele ya watu, na alivichukia kama mtu aliyemtukana. Saruji tupu ni baridi ileile. Mninga sikuutaka. Nimesoma mambo ya misitu, na nisingeweza kuutazama.

Mianzi niliikuta kwenye simu, nikaisoma hadi nikawachosha wenzangu kazini. Mmea unaokua haraka, unaokatwa ukachipua wenyewe. Kiwandani wanauchana nyuzi, wanazitia gundi, wanazishindilia hadi zinakuwa ubao mgumu. Mjini Korogwe kuna mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, Mhindi mmoja mcheshi ambaye familia yake iko pale tangu reli ilipojengwa, akasema ataniagizia. Aliniletea vipande viwili vya kuchagua, kimoja cheupe kama ugali wa sembe, kimoja kilichopikwa kwa mvuke hadi kikawa na rangi ya asali.

"Chukua hiki cheusi-cheusi," alisema. "Cheupe kinaonyesha kila tone la mchuzi. Mama anakula pilau, hali picha."

Nilimpelekea mama kipande cha asali. Aliweka mguu mtupu juu yake, akakikanyaga, akatulia.

"Hakina baridi," alisema. "Ni mti gani?"

"Mianzi, mama."

Aliondoa mguu. Si kwa hofu, ila taratibu, kama mtu aliyekanyaga mkeka wa kuswalia wa mwenzake. "Umemuuliza Jirani?"

Nilicheka. Nikamwambia ile ni mianzi ya kiwandani, imepita kwenye moto na mashine, haina undugu na ya kijitoni. Nikamwambia pia kwamba magoti ni yake, si ya Jirani. Mama ni mtu wa kunyamaza anapoona umeshaamua. Alinyamaza. Nikauchukua ukimya wake kama ruhusa.

Fundi alitoka Kabuku. Kijana mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Alikagua zege kwa pimamaji, akasawazisha mabonde, akatandika nailoni ya kuzuia unyevu na juu yake sponji nyembamba. Maboksi yalifunguliwa yakaachwa sebuleni siku kadhaa, maana mianzi hunywa hewa ya mahali ilipo, na ukiitandika kabla haijazoea itatanuka ikanyanyuka katikati. Fundi alisema, "Bosi, ni kama mke mgeni. Mwache kwanza aizoee nyumba, usimwonyeshe jiko siku ya kwanza."

Ni katika siku hizo za kungoja ndipo Jirani alipokuja, na machungwa kwenye kikapu, kuiona nyumba. Alipiga hodi mlangoni ingawa mlango haukuwa umetiwa ubao bado. Aliona mbao zimepangwa zinang'aa.

"Mbao gani hizi, fundi?"

"Mianzi, mzee! Imeshindiliwa, ngumu kushinda mninga. Gonga uone."

Jirani hakugonga. Alinitafuta kwa macho hadi akanipata nyuma ya maboksi.

"Hakimu. Mama yako atakaa juu ya hii?"

"Atatembea, mzee. Na kitanda kina miguu."

"Juu yake," alisema, kama anayeonja neno. "Baba yako yuko chini yake."

Aliweka kikapu kizingitini, upande wa nje, akaondoka. Fundi alingoja afike mbali, akauliza, "Huyu mzee vipi? Anauza vigae?"

Tukatandika. Ulimi wa ubao huu uliingia kwenye mfereji wa ule, ukanasa. Kandokando ya kuta fundi aliacha nafasi ya sakafu kupumua, akaifunika kwa skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta. Siku ya mwisho tulifagia, tukavua viatu, tukasimama katikati. Ilikuwa nzuri. Sitaki kusema uongo hapo. Jua la jioni liliingia dirishani likalala juu yake kama asali iliyomwagika, na nikajiona nimemfanyia mama jambo ambalo mtoto yeyote angejivunia.

Mama hakuhamia.

"Jirani ndiye atakayesoma dua ya nyumba," alisema. "Asipoingia yeye mimi naingiaje?"

"Mama, kuna masheikh."

"Sheikh hakumlaza baba yako."

Basi nyumba ikakaa imefungwa, na mama akabaki ng'ambo ya ua kwenye unyevu. Masika yakaanza. Nilipokuja mwisho wa wiki nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anapika hivyo, kwa sababu kusimama kulimshinda, na ufunguo wa nyumba mpya umening'inia kwenye msumari mbele ya macho yake. Watu wa mtaani nao walikuwa wanapita wanaichungulia sakafu kwenye dirisha, wanatikisa vichwa. Nilipandwa na hasira. Nilimwona Jirani kama mtu anayekalia magoti ya mama yangu.

Nikaanza kwenda kwake. Safari ya kwanza nilirudia kesi ya ngazi na ungo, tukacheka, nikatoka mikono mitupu. Safari ya pili nilikwenda kwanza kwa sheikh wa msikiti, nikamuuliza. Sheikh alisema hakuna katazo, huo ni mmea kama mimea mingine, hayo ni mazoea ya watu. Nikalibeba jibu hilo kwa furaha.

"Sheikh kasema kweli," Jirani alisema. "Kwani mimi nilisema ni haramu?"

"Sasa?"

"Nilisema siwezi."

"Huwezi kwa nini?"

Alikuwa anamenya chungwa. Alizungusha ganda lote bila kulikata. "Nikikanyaga pale mguu wangu utawakumbuka," alisema. "Kila mmoja. Wewe hujaviweka viunza vile kwa mikono yako."

Lilikuwa jibu la mtu mzima, na lilistahili heshima. Ningeondoka na lile. Lakini mimi nikiona mlango umefungwa huona ni changamoto, na nilikuwa nimetoka kumwona mama juu ya ndoo. Safari ya tatu nilikwenda na swali moja tu. Nilikuwa nimelinoa garini tangu Tanga.

"Mzee," nilisema, "katika wote uliowafunika, umewahi kumpata hata mmoja aliyejua kama amefunikwa kwa mianzi au kwa boksi?"

Mkewe aliacha kufagia. Jirani hakunitazama. Alitazama mikono yake, akaigeuza, akatazama viganja. Nilingoja Kizigua kilipuke, na ningefurahi kingelipuka. Hakikulipuka.

"Hilo," alisema baadaye, "niachie nikae nalo."

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, alikuja. Alivua viatu, akaingia, akatembea hadi katikati ya sebule. Akasoma dua kwa sauti ya kawaida, akaketi chini, kwenye sakafu yenyewe, akanywa chai. Mama alilia. Godoro lake lilivuka ua siku hiyohiyo, na majirani wakamiminika kuikanyaga ile sakafu, wakaisifia kwamba haina baridi. Jirani aliaga mapema. Mimi nilirudi Tanga nikawasimulia wenzangu jinsi nilivyoshinda. Nilisimulia vizuri. Walicheka mahali pa kuchekea.

Baadaye mama alinipigia simu kunipa habari za mtaani, akaingiza na hii, katikati ya bei ya mahindi na ndoa ya mtu: kwamba kulikuwa na msiba, na Jirani hakukata mianzi. Alikwenda kuzika, ila alisimama nyuma na wengine. Wachimbaji walipomuuliza viunza viko wapi, aliwajibu, "Leteni mbao. Leteni hata boksi. Kwani anajua?"

"Uzee huo," mama alisema. "Jirani wa zamani angesema hivyo?"

Hakujua anarudisha maneno ya nani. Nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata simu.

Nimejitetea sana tangu hapo, na nina uwezo wa kujitetea. Swali lilikuwa la haki. Sikumtukana. Sikumdanganya. Mama anatembea peku ndani ya nyumba kavu, magoti yamepungua uvimbe, na sakafu anaipenda kupita kiasi. Anaifuta kwa kitambaa kilichokamuliwa kama alivyoelekezwa na fundi, na mgeni akimwaga chai yeye huinuka kwa upesi ambao sikuuona kwake miaka mingi. Nikiulizwa kosa langu ni lipi siwezi kulitaja. Ila kila ninapokwenda na kuvua viatu mlangoni, nahisi ninaingia kwenye kitu cha mtu. Nimewahi kulala kule nikashindwa kuweka mguu chini asubuhi, nikakaa kitandani nikitafuta ndala, mimi niliyesema ni mmea tu.

Safari yangu moja ya karibuni nilikuta mtaa una msiba. Mwanamke aliyekuwa akiuza vitumbua kwenye kona, aliyetulisha sote tukienda shule, alikuwa ameaga dunia alfajiri. Vijana walikuwa wanatoa mabaki ya mbao kwenye nyumba inayojengwa, nyingine zina zege na misumari. Nikaenda kwa Jirani. Nilimkuta barazani, amekwisha kuvaa kanzu ya kuzikia, ametulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakuniuliza gari.

"Mzee, lile swali langu. Lilikuwa la kijinga."

"Halikuwa la kijinga," alisema. "Usinifanye mjinga mara ya pili."

Nikakaa kwenye ngazi ya baraza, chini yake. Alisema, bila hasira, "Watu wakitoka kuzika nilikuwa nawaambia, mtu wenu amelala vizuri. Nilimwambia mama yako. Nilikwambia wewe. Sasa nikifungua mdomo naona aibu, kama muuza dawa wa mnadani. Niliona kwa macho gani?"

"Lakini ilitusaidia, mzee. Mama alilala usingizi."

"Kwa hiyo nilikuwa daktari wa usingizi."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema." Alinyoosha kanzu magotini. "Unataka nikakate. Haya, nipe sababu. Moja tu, Hakimu. Lakini iwe unayoiamini wewe."

Nilitafuta. Nilikuwa na sababu za kutosha za kitabuni, kuhusu mila na jamii na heshima, na zote zilikuwa sababu za mtu anayetazama kwa mbali. Ninayoiamini sikuwa nayo. Panga lake lilikuwa limechomekwa kwenye paa la banda. Nikalichukua. Hakunizuia.

Kichaka kilikuwa kimefungamana. Watu walikuwa wamekata ovyo kwa ajili ya matenga ya nyanya, wakaacha visiki vyenye ncha. Nilikata niliyoifikia. Nilipasua vibaya, vipande vingine vikaenda upande, nikajikata kiganja. Nikavifunga kwa gamba la mgomba nikapanda navyo mlimani vikiwa begani, na nilipofika makaburini walikuwa wanamwaga maji juu ya udongo. Watu walinitazama na mzigo wangu. Hakuna aliyecheka. Sheikh alimalizia dua, wakaanza kuondoka, na mimi nimesimama pale kama mtu aliyeleta kuni kwenye sherehe iliyokwisha.

Jirani alikuwa amekwenda kuzika kwa njia nyingine na amesharudi. Nilivitua vipande mbele ya baraza lake, sikujua pengine pa kuvipeleka. Alivitazama muda. Kisha akainama, akaokota kimoja, akakikunja kidogo kati ya mikono yake. Kikabonyea.

"Mwanzi mchanga," alisema.

"Sikujua, mzee."

Akakigeuza. Akapitisha kidole gumba upande wa ndani hadi kilipokwama kwenye ukingo wa pingili, pale nilipopasua nikaacha kama palivyo, pana miba.

"Na hapa hukupachonga," alisema. "Pangemkaa usoni."

Akasikia alichosema. Nami nikasikia. Alibaki ameshika kile kipande, ananitazama, na nilijua anachongoja. Jibu lake lilikuwa pale, jepesi, lile la 'kwani anajua?', nilikuwa nimelinoa mwenyewe. Damu ilikuwa inanitoka kiganjani, inadondoka juu ya mavumbi ya baraza lake, na wala sikuifuta, nikihofu kwamba nikijitikisa nitasema.

Sikusema. Alingoja zaidi ya kiasi ambacho mtu hungoja. Kisha akakaa chini, akavuta kisu kidogo alichozoea kumenyea machungwa, akaanza kuichonga ile pingili, bila ya kuniambia kama nikae au niende.